Pikipiki Niliyoitamani kwa Miaka 37 Imepatikana: Je, Niinunue?

Swali: "Nikiwa na umri wa miaka 15, mwalimu wetu mmoja alikuwa akija shuleni kwa Yamaha XT500, na tangu wakati huo nimeitamani pikipiki hiyo. Mambo mengine yalitangulia: kazi, nyumba, ada za watoto. Sasa nina miaka 52, mtoto wa mwisho ameanza kujitegemea, na nimepata moja inayouzwa. Imekaa ghalani miaka 9 bila kuwashwa. Muuzaji anasema haina tatizo lolote, inahitaji betri tu. Mara ya mwisho kuendesha pikipiki nilikuwa na miaka 24, nayo ilikuwa ndogo. Je, niinunue? Na nikiinunua, nianzie wapi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, nakupa kwanza jibu fupi ili usilitafute hadi mwisho: inunue, mradi fremu na injini zipite ukaguzi nitakaoueleza, bei iwe ya pikipiki isiyowaka, na ukubali kwamba wewe mwenyewe utahitaji miezi kadhaa ya kurudi barabarani sawa na pikipiki yenyewe. Umengoja miaka 37, kwa hiyo wiki mbili au tatu za ukaguzi hazitakunyima kitu.

Nimeamua kukujibu kwa urefu kwa sababu ya maneno matatu uliyoambiwa na muuzaji, kwamba "inahitaji betri tu". XT500 haina stata ya umeme. Huwashwa kwa kiki peke yake. Zaidi ya hapo, cheche ya plagi yake haitegemei betri. Umeme wa cheche huzalishwa na magneto, yaani gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka pamoja na injini na kupitisha sumaku hizo mbele ya koili. Betri ndogo ya volti 6 iliyomo kazi yake ni kuhudumia vitu kama honi na taa za kuonyesha upande wa kukata kona. XT500 iliyo nzima huwaka hata betri ikiwa imeondolewa kabisa. Hivyo, ikiwa pikipiki hiyo haiwaki, sababu haiwezi kuwa betri, na ikiwa inawaka, hakuna kilichomzuia muuzaji kuiwasha mbele yako. Sisemi kwamba anakudanganya. Huenda aliirithi na hajui namna inavyofanya kazi, akakueleza kile ambacho watu husema kuhusu chombo chochote kilicholala muda mrefu. Lakini maneno hayo yanakuonyesha kwamba hakuna anayejua hali ya mashine hiyo, na bei pamoja na ukaguzi wako vianzie hapo.

Sikulaumu kwa kuipenda. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970 ikiwa na silinda moja ya sentimita za ujazo 499, valvu mbili, kabureta moja, bila maji ya kupoza na bila madoido. Cyril Neveu aliiendesha XT500 akashinda mashindano ya kwanza kabisa ya Paris–Dakar, mbio za masafa marefu za kuvuka jangwa la Sahara, yaliyomalizika Januari 1979, na akashinda tena mwaka 1980. Haikuwa pikipiki yenye nguvu nyingi. Ilishinda kwa kuwa ilikuwa nyepesi kwa ukubwa wa injini yake, na kwa kuwa kilichoharibika kiliweza kutengenezwa mchangani kwa spana chache. Sifa hiyo ya pili ndiyo itakayokusaidia wewe leo. Hakuna kompyuta ndani yake iliyokufa kimyakimya ghalani, na karibu kila kilichoharibika kwa miaka 9 kinaweza kuonekana kwa macho au kuguswa kwa mkono.

Nenda kuikagua mchana, ukiwa na tochi, kitambaa, spana ya plagi, na mtu mmoja ambaye haipendi pikipiki hiyo hata kidogo. Nina sababu ya kusisitiza huyu wa mwisho. Nimewaona watu wazima, wenye busara katika mambo yao yote, wakisimama mbele ya pikipiki ya ndoto zao na kushindwa kuona ufa ulio wazi. Mwenzako ataona kilichopo, wakati wewe bado unaiona ile iliyokuwa ikiingia katika uwanja wa shule.

Anza na namba. Linganisha namba iliyogongwa kwenye shingo la fremu, pale usukani unapoungana na fremu, na ile ya injini, kisha zote mbili na hati za umiliki. Tarakimu zikionekana zimesuguliwa au kugongwa upya, shukuru na uondoke, hata kama kila kitu kingine kinapendeza. Injini yenye namba tofauti na hati si lazima iwe ya wizi, kwa maana injini za umri huo zimebadilishwa mara nyingi, ila mabadiliko hayo lazima yawe na maandishi yanayotambuliwa na mamlaka ya usajili.

Kisha fremu, ambayo katika pikipiki hii inastahili muda kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa fremu ya XT500 ndiyo pia tangi la oili. Injini yake haihifadhi oili chini kama nyingi uzijuazo. Oili hukaa ndani ya bomba la fremu, na pampu huizungusha. Ufa mdogo karibu na shingo si suala la uimara pekee, bali pia ni njia ya oili kuvuja, na kutu ndani ya bomba hilo ni uchafu unaosubiri kuingia kwenye injini. Pitisha kitambaa kwenye maungio yote, uangalie unyevu wa oili na rangi iliyojikunja kama ngozi, kwani mkunjo wa rangi nyuma ya shingo mara nyingi ni alama kwamba gurudumu la mbele liliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Fungua kifuniko cha oili, umulike ndani. Oili nyeusi si tatizo. Oili yenye rangi ya maziwa au chembe za kutu ni tatizo.

Usikubali mtu yeyote apige kiki kabla hujafanya jaribio hili la injini. Pistoni iliyokaa mahali pamoja kwa miaka 9 huenda imeshikana na silinda kwa kutu nyembamba, na kuilazimisha kwa nguvu ya mguu kunaweza kuvunja ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ambazo zingepona. Omba ruhusa ya kutoa plagi, dondosha oili kidogo kwenye tundu lake, subiri, kisha bonyeza pedali ya kiki taratibu kwa mkono. Injini ikizunguka kwa ulaini, umepita mtihani mkubwa kuliko yote. Ikikwama, haimaanishi kwamba pikipiki imekufa, lakini hapo unanunua injini ya kufunguliwa yote, na unapaswa kulipa kwa msingi huo.

Rudisha plagi, usimame juu ya kiki kwa uzito wako wote. Silinda moja ya ukubwa huu yenye mgandamizo mzuri hukataa. Pedali husimama, kisha huzama polepole. Pedali ikishuka kirahisi, usikate tamaa kabla ya kuchunguza jambo moja. XT500 ina wenzo mdogo upande wa kushoto wa usukani unaofungua kidogo valvu ya kutolea moshi ili kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Kebo ya wenzo huo ikiwa imevutika kupita kiasi, valvu haifungi sawasawa, na injini isiyo na kasoro yoyote itaonekana kama imechoka. Legeza kebo, ujaribu tena, ndipo uamue kuhusu ringi na valvu.

Cheche isipoonekana, usiogope. Pikipiki hii hutumia kontakti za chuma zinazofunguka na kujifunga, na kontakti hizo hupata utando mwembamba zikikaa bila kazi. Mara nyingi kusafishwa tu kwa karatasi laini ya msasa huwa kumetosha. Ninachokiogopa mimi ni sehemu ya juu ya injini. Oili hufika huko mwisho, hasa injini ikiwa baridi, na wamiliki waliozoea kuvuta mafuta kwa nguvu mara tu injini inapowaka huila kemshafti, yaani mhimili unaoendesha valvu, pamoja na mikono inayosukuma valvu hizo. Vifuniko vya valvu hufunguliwa kwa spana moja. Muuzaji akikubali, fungua, umulike, na uangalie uso wa mikono hiyo pale inapogusana na kemshafti. Uso laini unaong'aa ni habari njema. Vishimo na mikwaruzo ni gharama ambayo lazima iondolewe kwenye bei kabla hamjashikana mikono.

Kabureta usiipe muda. Petroli iliyokaa humo imegeuka kuwa utando wa kahawia wenye harufu kali, na matundu yake madogo yameziba. Hiyo ni kazi ya kufungua na kusafisha kwa subira, si kasoro ya kukukatisha tamaa. Shokapu zikivuja, sili zake hubadilishwa. Cheni na sproketi ni vitu vya kuisha. Vihesabu kama vimeisha hata kama vinaonekana kufaa. Njiti za rimu zigonge moja moja kwa kijiti cha chuma na usikilize: njiti iliyolegea hutoa sauti ya kufa, na njiti nyingi za namna hiyo mahali pamoja humaanisha rimu imepinda.

Kuhusu tairi na breki sina mjadala. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona tarakimu nne ndani ya fremu ndogo: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Pikipiki iliyolala miaka 9 haiwezi kuwa na tairi za kutumainiwa, hata kama mikato yake bado ni mirefu kama mipya, kwa sababu mpira hukauka na kupoteza mshiko bila kuguswa na barabara. Ziondoe zote mbili pamoja na tyubu zake. Nazo breki za ngoma, ambazo XT500 inazo mbele na nyuma, zifunguliwe bila kujali muuzaji anasema nini. Miaka mingi iliyopita nilikubali kuijaribu pikipiki ya mteja ambaye aliniomba nisifungue breki, kwa kuwa kupitia tundu la ukaguzi viatu vyake vilionekana vinene vya kutosha. Unene ulikuwepo kweli. Gundi ndiyo iliyokuwa imekufa. Nilipobonyeza breki uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, utando wa kiatu kimoja ulibanduka, ukajikunja ndani ya ngoma na kulifunga gurudumu la mbele papo hapo. Ningekuwa barabarani, nisingekuwa hapa kukuandikia. Tangu siku hiyo sijaitoa pikipiki yoyote ya zamani nje ya lango bila kuona viatu vyake vya breki kwa macho yangu.

Suala la bei ni jepesi ukishakubali hoja niliyoanza nayo. Hununui pikipiki inayohitaji betri. Unanunua mashine isiyojulikana hali yake, na juu ya bei yake ongeza tairi mbili na tyubu, viatu vya breki, kebo zote, cheni na sproketi, sili na gasketi, oili na kichungi, kisha akiba kwa ajili ya kitu kimoja kikubwa usichokiona leo. Jumlisha hayo yote, ndipo uilinganishe na XT500 inayowaka na kutembea ambayo mmiliki wake ataiwasha mbele yako ikiwa baridi. Mara nyingi ile inayotembea, ingawa bei yake inatisha, ndiyo rahisi. Ukigundua hivyo, usione aibu kuiacha hii. Unachokitamani ni XT500, na XT500 zilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 10. Hii ni mojawapo tu.

Watu wengine watakushauri ununue pikipiki mpya yenye sura ya zamani, yenye stata na breki zinazozuia gurudumu kufunga. Kama ungeniambia unataka kusafiri mbali kila wiki, ningekuwa mmoja wao bila kusita, kwa sababu katika dharura ngoma za miaka ya 1970 haziwezi kufananishwa na diski zenye mfumo huo. Lakini hukuniuliza kuhusu usafiri. Umeuliza kuhusu pikipiki moja uliyoibeba moyoni tangu utotoni, nami naamini kwamba mtu anayenunua mbadala wa kitu alichokingoja miaka 37 atajikuta bado anakingoja. Inunue hiyohiyo, ila uiendeshe kwa kujua mipaka yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne, na breki hizi hazitakusamehe ukikosea hesabu hiyo.

Nimefika kwako wewe mwenyewe, na hapa ndipo nina wasiwasi kuliko kwenye kemshafti. Hujaendesha kwa miaka 28. Mwaka 1981 nchini Marekani ilitolewa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki uliofanywa katika eneo la Los Angeles chini ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Wachunguzi walikwenda kwenye zaidi ya ajali 900 na kuzichambua moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa na uzoefu usiofikia miezi 5 kwenye pikipiki ileile waliyopata nayo ajali, na kwamba asilimia 92 hawakuwahi kupata mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe au kwa jamaa na marafiki. Soma matokeo hayo kama mtu aliye katika hali yako. Hatari kubwa iko kwenye miezi ya mwanzo na chombo usichokizoea, hata kama unajiona umekomaa. Mwili wako unakumbuka kuendesha, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayodanganya: itakurudishia ujasiri wa miaka 24 kabla ya kukurudishia wepesi wa macho na mikono.

Kwa hiyo, wakati fundi anashughulika na XT500, jiandikishe kwenye mafunzo, hata kama leseni yako bado ni halali. Azima au kodi pikipiki ndogo, uiendeshe miezi miwili hivi mahali penye magari machache, ukirudia zoezi la kusimama ghafla kwa breki ya mbele na ya nyuma pamoja hadi vidole vifanye kazi bila kuagizwa. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba ajali nyingi zilihusisha gari ambalo dereva wake hakuiona pikipiki au aliiona akiwa amechelewa, mara nyingi akikata kona mbele yake. Jizoeze kuyatazama magurudumu ya mbele ya gari linalosubiri kuingia barabarani, kwani hayo hugeuka kabla dereva hajaamua kukutazama. Kofia ngumu inunue mpya, inayobana kichwa bila kuumiza. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kifo kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Usivae kofia ya kuazima wala iliyowahi kuanguka katika ajali. Nimewaona wanunuzi wakitumia akiba yao yote kwenye kromu ya ekzosi na kubakiwa na fedha ya kofia ya bei ya chini kabisa. Panga fedha zako kuanzia kichwani mwako kwenda kwenye pikipiki.

Siku ya kuiwasha itakapofika, baada ya kabureta kusafishwa, oili kubadilishwa na petroli mpya kutiwa, fanya hivi. Fungua mafuta, vuta choki. Bonyeza kiki taratibu mpaka mguu uhisi ugumu, kisha vuta ule wenzo wa mgandamizo na usogeze pedali kidogo tu, huku ukitazama kidirisha kilichopo upande wa kulia wa kichwa cha silinda. Alama inapotokea humo, pistoni imepita kilele. Achia wenzo, rudisha pedali juu kabisa, kisha ipige hadi mwisho kwa mguu mmoja wa kishindo bila kugusa mkono wa mafuta. Kiki ya nusunusu ndiyo inayorudisha pedali kwa nguvu na kuumiza kifundo cha mguu, kwa hiyo vaa buti, na ukiwa umechoka pumzika kuliko kujaribu kwa mguu usio na nguvu. Ikiwaka, iache ingurume taratibu kwa dakika kadhaa bila kuivutia mafuta, ili oili ifike juu. Moshi wa buluu wa dakika za mwanzo usikushtue. Moshi huo ukiendelea hata injini ikishapata moto, kasoro iko kwenye ringi au sili za valvu.

Kiasi cha oili usikipime kabla ya kuiwasha. Pikipiki ikisimama siku nyingi, oili hushuka polepole kutoka kwenye fremu hadi tumboni mwa injini, na kijiti kitakuonyesha kwamba imepungua wakati haijapungua. Wengi wameongeza oili wasiyoihitaji kwa kosa hilo, ikaishia kufurika. Iache izunguke, izime, ndipo upime ingali na moto.

Kabla hujakwenda kuiona, mpigie muuzaji simu umwombe mambo mawili: akusomee tarakimu nne za ubavuni mwa kila tairi, na asijaribu kuiwasha wala kuipiga kiki kabla hujafika. Ukishaikagua niandikie ulichokiona kwenye shingo la fremu, ndani ya kifuniko cha oili na chini ya vifuniko vya valvu, pamoja na bei anayoitaka, nami nitakuambia kama ningeilipa.